Kosher Si "Chakula Safi": Nasahihisha Nilichosema Madhabahuni

Fungu la kusoma: Esta 8:1-6 na Kumbukumbu la Torati 14:1-21



Kama ulikuwa kwenye ile ibada ya Jumatano tulipoanza kitabu cha Walawi, utakumbuka nilisimama mbele yenu nikasema hivi: kosher ni neno la Kiebrania, maana yake ni chakula safi, na Mungu aliwaagiza Waisraeli wale kosher ili wasiugue. Mkasema amina. Nikamaliza mahubiri, nikaenda nyumbani, nikalala vizuri.

Nilikosea. Katika sentensi hiyo moja nilikosea mara tatu, na kosa la mchungaji halibaki kanisani. Hili langu lilitembea likaingia nyumbani kwa mtu.

Kwa wale ambao hawakusikia, nitaeleza bila kutaja jina. Mmoja wa akina mama wetu, mjane, alikuwa na zamu ya kupokea ushirika wa nyumbani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungulia watu mlango tangu tumzike mumewe. Akapika wali, chapati na mchuzi wa nyama ya ng'ombe, akajaza chupa mbili za chai ya maziwa. Sahani hazikutosha, akaazima kwa jirani. Chakula kilipowekwa mezani, ndugu mmoja akasema yeye hawezi kula. Sababu ni kwamba nyama hiyo imetoka kwa bucha ya kawaida, haikuchinjwa kosher, na tena imewekwa meza moja na maziwa. Halafu akaongeza, "Hata Pasta alitufundisha Jumatano, kosher ndio chakula safi." Watu wengine wawili wakarudisha sahani zao.

Jumapili iliyofuata mama huyo alinisimamisha nje ya kanisa, mtoto amemshika leso. Akaniuliza, "Pasta, kwani chakula changu ni kichafu?" Nikababaika. Akaniomba nitoe jina lake kwa ratiba ya ushirika.

Kwa hivyo somo hili sikuliandika ili kuonyesha elimu. Elimu yangu mnaijua, mimi nilisomea biashara. Nimeliandika kwa sababu nilitumia neno la watu wengine bila kuliuliza linatoka wapi, na mtu akalipia.

Neno lilikotoka

Shida ya kwanza ni masikio yetu. Ukitamka kosher haraka inasikika kama "kosha", na Mswahili akisikia kosha anafikiria kuosha. Kutoka kuosha hadi usafi si mbali, na hapo ndipo nilipoteleza.

Sasa fungua Walawi 11, ile sura ndefu ya wanyama, samaki, ndege na wadudu. Maneno ya Kiebrania yanayotumika pale ni tahor na tame, ambayo Biblia zetu zinatafsiri "safi" na "najisi". Kosher haimo. Haimo hata mara moja. Kumbukumbu la Torati 14 inarudia orodha ile, na humo pia haimo. Yaani zile sura mbili ambazo kila mtu anazitaja akizungumza juu ya kosher hazina neno kosher.

Liko wapi basi? Kwa Kiebrania neno lenyewe ni kasher. Kosher ni matamshi ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliozungumza Kiyidishi, na kwa kuwa wengi wao walihamia Uingereza na Marekani, ulimwengu ulilipokea kwa matamshi yao. Kitenzi cha mzizi huo kinapatikana katika Agano la Kale mara tatu tu, na katika mara hizo tatu hakuna mtu anayekula chochote. Mara mbili ni katika Mhubiri. Kwenye 10:10 ni habari ya shoka butu na hekima inayomfanya mtu afaulu katika kazi yake. Kwenye 11:6 ni mkulima anayepanda asubuhi na jioni kwa sababu hajui ni mbegu gani itakayofaa.

Mara ya tatu ndiyo iliyonishika. Ni Esta 8:5. Hamani ameshatundikwa na Mordekai ameshapewa pete ya mfalme. Ungefikiri hadithi imeisha. Lakini ile barua ya kuwaangamiza Wayahudi, yenye muhuri wa mfalme, bado ina nguvu katika majimbo yote 127. Esta anaanguka miguuni pa mfalme akilia. Mfalme anamnyoshea fimbo ya dhahabu, naye anasimama na kuomba: mfalme akipenda, na kama nimepata kibali, na kama neno hili ni kasher mbele ya mfalme, barua zile zitanguliwe. Hakuna sufuria hapo, hakuna kisu wala nyama. Kuna mwanamke anayeombea watu wake wasiuawe, anauliza kama ombi lake linafaa, kama linaweza kupita.

Hiyo ndiyo maana ya neno hili. Kosher ni kinachofaa, kinachostahili kwa kazi kilichokusudiwa.

Baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka wa 70, walimu wa Kiyahudi, yaani marabi, walikusanya mafundisho waliyokuwa wamepokezana kwa mdomo, na kufikia karibu mwaka wa 200 Rabi Yehuda haNasi akayapanga katika Mishna. Humo kasher ni neno la kila siku. Linatumika kwa nyama, ndiyo, lakini pia kwa kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, kwa dimbwi la kujitakasa, kwa hati ya talaka, kwa shahidi mahakamani. Kinyume chake kwa vitu hivi ni pasul, na pasul si "chafu". Ni "haifai", "haipiti".

Chukua gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi. Huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na lina herufi zaidi ya 304,000. Herufi moja ikikosekana, gombo hilo si kosher, halisomwi mbele ya watu mpaka lirekebishwe. Je, limekuwa chafu? Hata kidogo. Bado ni kitu kitakatifu na linatunzwa kwa heshima zote. Halifai tu kwa kazi ile mpaka herufi irudi mahali pake. Sisi watu wa biashara tunalielewa hili haraka. Andika hundi bila kutia sahihi uone kama benki itakulipa. Karatasi haina doa na pesa ziko kwenye akaunti, lakini hundi haipiti.

Au chukua shahidi. Katika sheria ya Kiyahudi ndugu wa damu si shahidi kosher katika kesi ya nduguye. Talmud inatoa mfano wa Musa na Haruni. Hata wao wangezuiwa kumtolea jamaa yao ushahidi, na inaelezwa waziwazi kwamba si kwa sababu hawaaminiki. Nani angemwita Musa mchafu?

Neno la chakula ambalo kweli liko katika Torati ni lingine, terefa, ambalo wengine wanalitamka treif. Siku hizi Myahudi akisema treif anamaanisha chochote kisichofaa kuliwa, kuanzia nguruwe mpaka kamba wa baharini. Lakini mwanzo wake ni mdogo na una damu. Kutoka 22:31 inakataza nyama ya mnyama aliyeraruliwa na mnyama mwingine kondeni. Iliyoraruliwa, hiyo ndiyo terefa. Ni mzizi uleule uliotoka kinywani mwa Yakobo walipomletea ile kanzu yenye damu, Mwanzo 37:33, akalia kwamba Yusufu ameraruliwa. Kutoka kwa mnyama aliyeraruliwa na simba, marabi walipanua neno likabeba mnyama yeyote mwenye jeraha au ugonjwa wa ndani ambao ungemuua, kisha watu wakalipanua tena likabeba kila kitu. Maneno hukua hivyo. Ndiyo maana ni hatari kulishika neno lilipofika leo na kulipeleka nyuma mpaka kwa Musa kama nilivyofanya.

Kazi inayofanyika kichinjioni

Ndugu yetu alisema nyama ya mama haikuchinjwa kosher, na hapo alisema kweli. Bucha zetu za mtaani hazina nyama kosher. Lakini nilipomuuliza kosher huchinjwa vipi hakujua, na kusema ukweli hata mimi sikujua. Tujifunze pamoja.

Kwanza ni aina ya mnyama. Awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, vyote viwili. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapita. Nguruwe ana kwato lakini hacheui, ngamia anacheua lakini kwato zake hazikubaliki. Twiga, kwa taarifa yako, ana sifa zote mbili. (Usiende kumwambia KWS kwamba mimi ndiye nilikutuma.) Samaki awe na mapezi na magamba, kwa hivyo tilapia anapita na kambare hapiti.

Kisha ni mchinjaji, anayeitwa shohet. Ni mtu aliyesomea kazi hiyo na anayejulikana kuwa mcha Mungu. Kisu chake hakina ncha, ni kirefu na ni kikali sana, na kabla ya kuchinja anakipitisha kwenye ukucha na kwenye nyama ya kidole akitafuta pengo. Pengo dogo hata usiloliona kwa macho linatosha kuharibu kazi, kwa sababu litararua badala ya kukata. Mkono unapita shingoni bila kusimama na bila kukandamiza. Akisita katikati, mnyama huyo hafai tena.

Mnyama akishapasuliwa, mapafu yanakaguliwa kwa mkono. Wanatafuta mahali paliposhikana, alama ya ugonjwa uliopita. Mapafu yasiyo na mshikano wowote yanaitwa glatt, neno la Kiyidishi lenye maana ya laini, na ndiyo sababu utasikia watu wakisema "glatt kosher" kumaanisha kiwango cha juu kabisa. Halafu kuna mafuta fulani ya ndani yanayokatazwa na Walawi 7, na kuna mshipa wa paja. Huo unatoka Mwanzo 32, usiku ule Yakobo aliposhindana mpaka alfajiri akaguswa uvungu wa paja akachechemea. Mpaka leo Wayahudi hawauli mshipa huo. Kuutoa ni kazi ngumu inayotaka fundi, kwa hivyo nchi nyingi wachinjaji wa kosher wanaona afadhali sehemu yote ya nyuma iuzwe kwa wasio Wayahudi. Fikiria hilo kama mfanyabiashara. Nusu ya nyuma ya ng'ombe, penye nyama nzuri, unaiachilia kwa sababu babu yako alichechemea.

Bado kuna damu. Walawi 17 inasema uhai uko katika damu, nayo imewekwa kwa ajili ya madhabahu. Basi nyama inalowekwa majini kwa nusu saa, inapakwa chumvi ya mawe kila upande, inaachwa ichuje kwa saa moja, kisha inaoshwa vizuri. Maini yana damu nyingi, chumvi haitoshi, kwa hivyo huchomwa kwenye moto. Ile chumvi nene ambayo Wamarekani wanaiita chumvi ya kosher ni ya kazi hii. Chumvi yenyewe ni chumvi tu, tofauti kubwa ni ukubwa wa punje.

Na maziwa? Torati inakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake: Kutoka 23:19, Kutoka 34:26 na Kumbukumbu la Torati 14:21. Marabi waliona kwamba jambo likisemwa mara tatu si bure, wakafundisha kwamba nyama na maziwa visipikwe pamoja, visiliwe pamoja, na mtu asipate faida yoyote kutokana na mchanganyiko huo. Nyumba inayoshika kosher ina sufuria za nyama na sufuria za maziwa, visu viwili, seti mbili za sahani. Baada ya kula nyama wengi wanangoja saa sita kabla ya kunywa maziwa, wengine saa tatu, na Wayahudi wa asili ya Uholanzi saa moja. Chakula kisicho upande wowote, kama mboga, matunda na mayai, kinaitwa parve na unaweza kukila na kimojawapo.

Mimi nikisoma haya yote sikucheka. Niliona watu ambao kwa miaka elfu nyingi, mara nyingi wakiteswa, walikubali kumkumbuka Mungu kila wanaposhika kijiko. Mtu anayetaka kuiga jambo hilo ajue ukubwa wake kwanza. Huwezi kuokota kipande kimoja cha maisha ya watu na kukitumia kama fimbo kwenye meza ya jirani.

Je, ni mambo ya afya?

Hili ni kosa langu la tatu, na naona ndilo tunalolipenda zaidi. Tunasema Mungu alikataza nguruwe kwa sababu ya minyoo, ati sayansi imekuja kuthibitisha. Lakini tafuta katika Walawi 11 mahali Mungu anaposema "msije mkaugua". Hakuna. Sababu inayotolewa iko mwishoni, mstari wa 44 na 45: iweni watakatifu kwa kuwa mimi ni mtakatifu, niliyewatoa Misri.

Wayahudi wenyewe walibishana juu ya hili. Maimonides, aliyekuwa rabi na daktari huko Misri katika karne ya 12, aliandika kwamba vyakula vilivyokatazwa havifai mwilini. Lakini Isaac Abarbanel, aliyezaliwa Lisbon mwaka 1437, alimpinga kwa nguvu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba ukisema hivyo unaifanya Torati kuwa kijitabu cha tiba, na tena tunawaona majirani zetu wanaokula nguruwe wakiwa wazima na wenye nguvu. Mimi niko na Abarbanel. Ukiweka amri ya Mungu juu ya msingi wa afya, siku daktari akisema nyama hiyo ikiiva vizuri haina neno, amri imeanguka.

Na kuna jambo linalomaliza ubishi. Katika vichinjio vya Marekani, ng'ombe ambaye mapafu yake yamekataliwa na mkaguzi wa Kiyahudi, ikiwa amepitishwa na mkaguzi wa serikali, anauzwa sokoni kama nyama ya kawaida. Hakuna aliyesema nyama hiyo ni chafu, na rabi mwenyewe hasemi. Anasema haifai kwa mtu aliye chini ya agano lile.

Alama kwenye pakiti

Nipite haraka hapa, kwa sababu kuna ujumbe unaozunguka kwa simu zenu. Ile herufi U ndani ya duara unayoiona kwenye pakiti za bidhaa za kutoka nje si alama ya shetani na si ya chama cha siri. Ni alama ya Orthodox Union, shirika la Kiyahudi lililoanzishwa New York mwaka 1898, ambalo tangu miaka ya 1920 linakagua viwanda. Heinz walikuwa kati ya kampuni za kwanza kuipata. Ukiona D kando yake, maana yake bidhaa ina maziwa. Ifikirie kama unavyofikiria alama ya KEBS: kuna mtu aliyeangalia kiwanda kwa niaba yako, isipokuwa huyu aliangalia kwa niaba ya Myahudi.

Mfano ninaoupenda ni wa Coca-Cola. Rabi Tobias Geffen wa Atlanta, mji ambao kampuni hiyo ina makao yake, aliulizwa mara nyingi kama Wayahudi wanaweza kuinywa. Kampuni ikakubali kumwonyesha orodha ya vitu vinavyoingia ndani, kwa masharti kwamba atunze siri. Akakuta gliserini inayotokana na mafuta ya wanyama. Ilikuwa kiasi kidogo sana, lakini hakukipuuza. Kampuni ikabadilisha ikatumia gliserini ya mimea, na mwaka 1935 akaandika uamuzi wake kwamba sasa inafaa. Hakuna aliyekuwa ameugua. Soda haikuwa chafu mwaka uliotangulia na safi mwaka uliofuata. Neno ni lilelile la Esta: je, jambo hili linaweza kupita?

Turudi mezani kwa mama

Ndugu yetu alishika Kumbukumbu la Torati 14:21. Tulifungua pamoja, yeye na mimi, na nikamwomba asome mstari wote, kwa sababu yeye alikuwa akinukuu mwisho wake tu. Mwisho ni habari ya mwana-mbuzi na maziwa. Mwanzo wa mstari huohuo unasema Mwisraeli asile mnyama aliyekufa mwenyewe, lakini ampe mgeni aliye malangoni pake ale, au amuuzie mtu wa taifa lingine. Sijui kama mmewahi kuliona hilo. Torati yenyewe, katika mstari mmoja, inasema chakula hiki hakifai kwako na kinafaa kwa mwenzako. Isingewezekana kama "kisichofaa" kingekuwa na maana ya sumu au uchafu. Na marabi mpaka leo hawamdai mtu wa Mataifa ashike kosher. Wanasema Mungu alimpa Nuhu amri saba kwa ajili ya wanadamu wote, na ya chakula kati ya hizo ni moja, kutokula kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai. Kwa kipimo cha Wayahudi wenyewe, mama yetu hakuwa na kosa.

Halafu kuna Ibrahimu. Mwanzo 18:8, wageni watatu wamefika hemani saa ya jua kali, naye anawawekea siagi, na maziwa, na yule ndama aliyeandaliwa, anasimama karibu nao chini ya mti, nao wanakula. Nyama na maziwa, meza moja, na Bwana ndiye aliyekuja kumtembelea. Wafafanuzi wa Kiyahudi wamesumbuka sana na mstari huo. Wako wanaosema maziwa yaliliwa kwanza. Mimi nauacha ulivyo. Ninachokiona ni mzee aliyekimbia kuandaa na wageni waliokula.

Petro naye alionyeshwa ile nguo iliyoshuka kutoka mbinguni, Matendo 10. Tunapenda kuishia kwenye wanyama. Petro mwenyewe hakuishia hapo. Kwenye mstari wa 28, akiwa ndani ya nyumba ya Kornelio, anaeleza alichoelewa: Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Mtu, si mbuzi. Na aliporudi Yerusalemu shtaka lililomngoja, Matendo 11:3, lilikuwa kwamba ameingia kwa wasiotahiriwa na kula nao. Miaka michache baadaye huyohuyo Petro, kule Antiokia, aliogopa watu akaanza kujitenga na meza hiyo. Paulo alimpinga mbele ya wote, Wagalatia 2. Nilipoisoma sura hiyo mwezi huu nilitafuta nafasi yangu ndani yake, na sikuipenda.

Kuhusu bucha, Paulo amejibu katika 1 Wakorintho 10:25. Neno lake la Kigiriki ni makellon, soko la nyama. Kila kinachouzwa pale kuleni bila kuuliza-uliza. Na mstari wa 27 unasema ukialikwa na mtu, ukiamua kwenda, ule unachowekewa. Katika vichinjio vyetu vingi mchinjaji ni Mwislamu, tunakula kila wiki, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani kwa sababu hiyo.

Najua swali linalofuata. Mtaniuliza habari ya mutura, kwa sababu Matendo 15 inawaandikia Wakristo wa Mataifa, si Wayahudi, wajiepushe na damu. Sitalikwepa. Mimi niliacha mutura miaka kadhaa iliyopita kwa ajili ya fungu hilo. Wapo wazee wetu wanaoelewa kwamba agizo lile lilitolewa ili Myahudi na Mgiriki waweze kuketi pamoja wakati ule, na wanakula kwa shukrani. Nimeshakaa nao kando ya jiko la makaa nikala nyama choma huku wao wakila yao. Atakayetaka kubishana aje ofisini siku ya kazi, asinishike mlangoni Jumapili watu wakipita.

Wiki mbili zilizopita mke wangu na mimi tulienda kwa mama. Nilimwomba msamaha sebuleni, mbele ya watoto wake, kwa sababu hata wao walikuwapo siku ile sahani ziliporudishwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama tutakunywa chai. Tukanywa, tukala na nyama. Ndugu yetu nimezungumza naye mara tatu. Hajakubaliana nami kwa kila kitu na hajalazimika. Amesema bado hali nyama isiyo kosher. Lakini alimpigia mama simu mwenyewe, na atakuja. Mama amesema atampikia maharagwe na wali, sufuria ya peke yake.

Jina lake limerudi kwa ratiba. Ushirika ni Alhamisi ijayo, saa kumi na moja na nusu jioni. Anaomba mwenye kuja ajiandikishe kwa shemasi wa zoni kufikia Jumanne, ili ajue ni kilo ngapi za nyama atakazonunua, na mwenye sahani za ziada azibebe.